Dawa Iliyokaribia Kutupwa

Historia niliyoifundisha kwa miaka 37 ilikuwa ya wafalme, vita, misafara na mikataba. Tuliwakaririsha watoto mwaka wa Mkutano wa Berlin na mwaka wa Vita vya Majimaji, nao wakajibu mitihani wakafaulu. Iko historia nyingine ambayo haikuwamo katika muhtasari wa masomo, nayo ni historia ya dawa. Mgonjwa hupewa kidonge, akakimeza kwa maji, akadhani kimetoka kiwandani tu kama sabuni. Hajui kwamba nyuma yake wako watu waliobishana, waliokata tamaa, waliouza na kununua, na wengine waliokufa kabla ya kuona mwisho wa kazi yao. Katika insha hii nataka kusimulia habari za kidonge kimoja tu, olaparibu, ambacho hutumika kuwatibu wanawake wenye saratani ya vifuko vya mayai, yaani ovari. Ninayo sababu ya kukichagua, na msomaji ataiona njiani.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Ovari zimekaa ndani kabisa ya nyonga, hazionekani wala hazishikiki kwa urahisi. Uvimbe ukianza huko, mwanamke husikia tumbo kujaa, hushiba upesi, huenda haja ndogo mara kwa mara, mgongo humuuma. Ni nani kati ya mama zetu hajawahi kusikia hayo? Basi hunywa dawa ya minyoo, hunywa dawa ya vidonda vya tumbo, hunywa mwarobaini, na miezi inapita. Wengi hugunduliwa wakati maradhi yamekwisha kusambaa tumboni. Duniani kote wanawake zaidi ya 300,000 hupatwa na ugonjwa huu kila mwaka, na zaidi ya 200,000 hufa kwa ajili yake.

Kwa muda mrefu silaha zilikuwa kisu cha mpasuaji na, baada yake, dawa kali za kuua seli. Iliyo mashuhuri kati ya hizo ni sisplatini, iliyotokana na madini ya platini. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, aliandika juu ya jaribio ambalo alipitisha umeme katika maji yenye bakteria, ili aone kama umeme unaathiri kugawanyika kwao. Bakteria waliacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi. Baadaye ikabainika kwamba umeme haukuwa na hatia. Kilichowazuia ni platini iliyokuwa ikimong'onyoka kutoka katika vyuma vyake. Mwaka 1978 dawa hiyo iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya ovari na ya korodani, nayo imeokoa wengi. Hata hivyo ni dawa isiyobagua. Hupiga seli ya ugonjwa, hupiga na seli nzima, ndipo mgonjwa hutapika, masikio yakavuma, figo zikadhoofu. Tena saratani ya ovari ina tabia ya kukubali kushindwa mara ya kwanza, kisha ikarudi.

Kwa sababu hiyo wataalamu walitamani dawa lengwa, yaani dawa inayomtambua adui kwa alama yake na kumwacha asiye na alama hiyo. Na mwanzo wa dawa lengwa ninayoisimulia haukuwa hospitalini. Ulikuwa kwa inzi.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwaka 1971, mkufunzi wetu wa biolojia aliweka ndizi mbivu ndani ya chupa, akangoja siku mbili tatu, na chupa ikajaa vijiinzi vyenye macho mekundu. Akatuambia kwamba wadudu hao wamewafundisha wanadamu habari za urithi kuliko vitabu vyote vya maktaba yetu. Tulicheka. Lakini mzee yule alisema kweli. Mwaka 1922 Calvin Bridges, aliyekuwa akifanya kazi na Thomas Hunt Morgan huko New York, aliona jambo la ajabu katika inzi hao. Kasoro moja ya jeni haimuui inzi. Kasoro nyingine nayo haimuui. Lakini inzi akirithi zote mbili kwa pamoja, hufa. Mwaka 1946 Theodosius Dobzhansky akalipa jambo hilo jina, ambalo kwa Kiswahili nitaliita mauti ya kuungana.

Nieleze kwa mfano wa kijijini. Kiko kijiji kilichozungukwa na mto, chenye daraja na kivuko. Mafuriko yakivunja daraja, watu watavuka kwa kivuko. Kivuko kikiharibika, watapita darajani. Vikikosekana vyote viwili siku moja, chumvi haitaingia, mgonjwa hatatoka, na kijiji kitakufa. Mwaka 1997 Leland Hartwell na wenzake huko Seattle, ambao kazi yao ilikuwa kuchunguza hamira, hii hii tunayoumulia maandazi, waliandika kwamba fikra ya namna hiyo ingeweza kutumiwa dhidi ya saratani. Kama seli ya saratani imekwisha kupoteza daraja kwa kasoro yake yenyewe, tabibu atafute kivuko chake akizuie. Seli nzima zitaendelea kupita darajani. Ile mbovu itakwama. Kutoka inzi wa Bridges hadi maandishi ya Hartwell ni miaka 75.

Ilibaki kujua daraja gani limevunjika, na kivuko ni kipi.

Habari za daraja zilitoka kwa mwanamke mmoja mwenye subira, Mary-Claire King wa Berkeley, California. Tangu miaka ya 1970 alifuatilia familia ambazo saratani ya matiti ilikuwa ikipita kutoka mama kwenda binti, wakati ambapo wataalamu wengi hawakukubali kwamba ugonjwa wenye visababishi vingi kama huo unaweza kufuatwa katika ukoo. Alizichambua familia 23 zenye wagonjwa 146, na mwaka 1990 akatangaza kwamba jeni inayotafutwa iko katika kromosomu ya 17. Mbio zikaanza. Mwaka 1994 kundi la Mark Skolnick huko Utah likaipata jeni yenyewe, BRCA1; mwaka uliofuata kundi la Michael Stratton nchini Uingereza likaipata ya pili, BRCA2. Mwanamke aliyerithi BRCA1 yenye kasoro ana hatari kubwa ya saratani ya matiti, na kati ya 100 wa namna yake, kama 40 hupatwa na saratani ya ovari katika maisha yao. Kwa wanawake wote kwa jumla idadi hiyo haifiki 2.

Kasoro hiyo hurithiwa kwa baba sawasawa na inavyorithiwa kwa mama. Naomba msomaji aishike sentensi hiyo.

Sasa niseme sababu yangu. Mama mkwe wangu alifariki mwaka 1979, tumbo lake limejaa maji. Wazee walisema amerogwa, wakamtaja jirani aliyekuwa na ugomvi naye wa mpaka wa shamba, na jirani yule alihama kijiji na wanawe kwa aibu asiyostahili. Mwaka 1991 shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, alifariki kwa saratani ya titi. Septemba 1998 akafariki mke wangu, kwa saratani ya ovari, akiwa na miaka 44. Alikuwa amepewa dripu sita za dawa ya platini jijini Dar es Salaam, akarudi nyumbani nywele zimenyonyoka, akapata nafuu ya miezi kumi. Katika miezi hiyo alilima bustani ya mchicha na kumshonea binti yetu mdogo sare ya shule. Kisha tumbo likaanza kujaa tena.

Hakuna kati ya watatu hao aliyepimwa jeni, wala hakuna awezaye kusema kwa hakika kilichowaua kilitoka wapi. Lakini mwalimu wa biolojia akiuona mti wa ukoo wenye matawi ya namna hii, hawezi kufumba macho.

Turudi kwenye kivuko. DNA, uzi wetu wa urithi, ni kama kamba ya nyuzi mbili zilizosokotana, na kila siku kamba hiyo hukatika hapa na pale, mara maelfu katika kila seli. Mwili unao mafundi wa kuiunga. Ukikatika uzi mmoja, kimeng'enya kiitwacho PARP hukimbilia mahali hapo na kuwaita mafundi wengine. Zikikatika nyuzi zote mbili, kazi ni ngumu zaidi, na hapo ndipo protini za BRCA zinapohitajika. Dalili za kwanza za PARP zilionekana huko Strasbourg, Ufaransa, mwaka 1963, katika maabara alimokuwamo Pierre Chambon, ambaye wala hakuwa akitafuta dawa ya saratani. Kwa zaidi ya miaka 40 kimeng'enya hicho kilisomwa na watu wachache waliokipenda kwa ajili yake chenyewe.

Aprili 2005 makundi mawili ya Uingereza, moja la Thomas Helleday wa Sheffield na jingine la Alan Ashworth wa London, yalichapisha habari moja katika toleo moja la jarida la Nature. Seli zisizo na BRCA nzima, zikizuiwa PARP, hufa. Zilizo na BRCA nzima huendelea na maisha yao. Mauti ya kuungana yalikuwa yametoka kwa inzi, yakafika kwa seli za saratani.

Dawa ya kuizuia PARP ilikuwa tayari mezani. Ilitengenezwa na kampuni ndogo ya Cambridge, KuDOS, iliyoanzishwa mwaka 1997 na mwanasayansi Steve Jackson. Mwishoni mwa mwaka 2005 kampuni kubwa ya AstraZeneca ilikubali kuinunua KuDOS kwa dola milioni 210. Jaribio la kwanza kwa binadamu, lililochapishwa mwaka 2009, lilikuwa na wagonjwa 60. Kati ya wenye kasoro ya BRCA waliokuwa na saratani ya ovari, matiti au tezi dume, 19 waliweza kupimwa matokeo, na 12 kati yao walinufaika. Walimeza vidonge nyumbani kwao, bila dripu.

Msomaji atadhani kuanzia hapo safari ilikuwa mteremko. La hasha.

Jaribio kubwa zaidi lilifuata, la wanawake 265 ambao saratani yao ya ovari ilikuwa imerudi na kukubali tena dawa za platini. Nusu walipewa olaparibu, nusu kidonge kisicho na dawa. Dawa ilichelewesha ugonjwa kurudi: miezi 8.4 kwa waliopewa dawa, miezi 4.8 kwa wasiopewa. Lakini wakubwa wa kampuni walipouliza kama wanawake hao wangeishi muda mrefu zaidi, hesabu za awali hazikuonyesha hivyo. Mwaka huo huo wa 2011 dawa ya kampuni nyingine, iniparibu, iliyosifiwa kuwa ya jamii hiyo hiyo, ilikuwa imeshindwa vibaya katika saratani ya matiti. Baadaye ilithibitika kwamba iniparibu haizuii PARP ipasavyo, yaani haikuwa ndugu yao hata kidogo, lakini wakati huo jina baya lilikwisha kuwapata wote. Desemba 2011 AstraZeneca ikatangaza kwamba haitaendelea na olaparibu kwa saratani ya ovari, na ikafuta katika vitabu vyake dola milioni 285.

Hapa ndipo ninapopenda kukaa, kwa sababu ni mahali pa mwalimu. Nilipokuwa mkuu wa shule, mkaguzi mmoja alisoma wastani wa hisabati wa kidato cha pili, akakuta 41, akaandika kwamba mbinu za mwalimu wetu mpya hazifai. Nilimwomba tuigawe orodha ile mara mbili, wanafunzi wa bweni kando na wa kutwa kando. Wa bweni walikuwa na wastani wa 58. Wa kutwa, waliotembea kilomita 9 kila asubuhi bila uji, walikuwa na 29. Ile 41 haikuwa alama ya mtoto yeyote. Mkaguzi alikuwa mtu mwungwana, akaifuta sentensi yake kwa kalamu ile ile.

Ndivyo walivyofanya Jonathan Ledermann wa London na wenzake. Walirudi kwa wanawake 265, wakatafuta hali ya BRCA ya kila mmoja aliyewezekana, wakawapata 254, na 136 kati yao walikuwa na kasoro hiyo. Wakaigawa orodha. Katika kundi hilo la 136, waliomeza olaparibu walikaa miezi 11.2 kabla ya ugonjwa kusonga mbele, na waliomeza kidonge kitupu miezi 4.3. Dawa ilikuwa imesema tangu mwanzo. Ilisemeshwa katika umati ambao karibu nusu yao hawakuwa na daraja lililovunjika. Mwaka 2013 kampuni ikaifufua kazi iliyokuwa imeiacha.

Nasimulia haya na najiuliza: ingekuwaje kama damu za wanawake wale hazikuhifadhiwa? Au kama watafiti wangechoka, maana hakuna anayependa kurudia hesabu ya kitu kilichokwisha kuitwa hasara?

Hata baada ya hapo njia haikunyooka. Juni 2014 kamati ya washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga kura, 11 dhidi ya 2, kwamba dawa isiidhinishwe bado. Walikuwa na hoja: kugawa orodha baada ya mtihani kunaweza kumdanganya mwenye kutaka kudanganyika. Desemba mwaka huo huo Ulaya na Marekani zote ziliidhinisha. Ushahidi mzito ulikuja mwaka 2018, katika jaribio la wanawake 391 wenye kasoro ya BRCA waliotibiwa kwa mara ya kwanza. Baada ya miaka mitatu, 60 kati ya 100 waliomeza olaparibu walikuwa hai na ugonjwa wao haujasonga mbele, wakati kwa wengine ni 27. Baada ya miaka saba, waliokuwa hai walikadiriwa kuwa 67 kwa 100, na kwa upande wa pili kama 46. Ugonjwa ambao nilizoea kuuhesabu kwa miezi umeanza kuhesabiwa kwa miaka.

Nisije nikafanya sifa za sokoni. Dawa hii hupunguza damu, huchosha, hutia kichefuchefu, na kwa wachache huleta saratani ya damu. Seli za saratani nazo hujifunza. Baadhi hulikarabati daraja lao zikaishinda dawa. Mwaka 2022 ile idhini ya kwanza ya Marekani, ya wanawake waliokwisha kupewa duru tatu au zaidi za tibakemikali, iliondolewa na kampuni yenyewe kwa sababu matokeo mapya yalitia shaka kwamba wengine kati yao waliishi muda mfupi zaidi. Imebaki kwa wale ambao ugonjwa wao umekwisha kutulizwa na platini, ili kuuzuia usirudi. Na bei yake iko mbali sana na mfuko wa mkulima.

Tena dawa lengwa haimfai mtu asiyejulikana kama ana shabaha. Kipimo cha jeni kwa miaka mingi kilishikwa na kampuni moja ya Marekani, Myriad, iliyokuwa na hataza za BRCA, na kipimo kiligharimu zaidi ya dola 3,000. Juni 2013 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote 9 kwa kauli moja, iliamua kwamba jeni ya mwili wa mtu, kama ilivyo, haiwezi kuwa mali ya aliyeigundua. Maabara nyingine zikaingia sokoni. Kwa maoni yangu siku ile inastahili kukumbukwa na watoto wa shule pamoja na siku za mikataba.

Binti zangu wawili wamepita utoto. Mkubwa amekwisha kuzidi umri aliofia mama yake. Niliwaita, nikawasomea niliyoyaandika hapa. Mkubwa akauliza, "Baba, nikikutwa nayo nitafanya nini, na hicho kidonge siwezi kukinunua?" Nikamjibu kwamba kupima hakuishii kwenye kidonge. Mwanamke mwenye kasoro aliyekwisha kuzaa anaweza kutolewa ovari na mirija kabla ugonjwa haujaanza, na upasuaji huo unafanyika hapa hapa nchini. Alitoa damu yake mwezi uliopita, nasi tunangoja majibu. Mdogo wake alisema, "Mimi baba naomba uniache kwanza, watoto wangu bado wadogo, sitaki kulala na jambo hilo kichwani." Nimemwacha. Ni mtu mzima, na hofu yake naijua ilikotoka, kwa maana ndiye aliyeshonewa sare ile.

Aliyenisumbua zaidi ni mjomba wao, ndugu pekee wa mke wangu aliye hai, mzee wa miaka 66 mwenye nguvu zake. Nilipomtajia kipimo alicheka, akasema, "Shemeji, hayo ni maradhi ya wanawake, mimi yananihusu nini?" Sikubishana naye. Niligeuza nyuma ya kalenda ya zamani, nikachora mti wa ukoo wao: mama yake juu, dada zake wawili chini yake, kila mmoja na mwaka wake wa kufa, kisha yeye, na mstari ukishuka kutoka kwake kwenda kwa watoto wake. Aliutazama kwa muda mrefu. Akawahesabu binti zake wanne kwa kidole, mmoja mmoja kwa jina, kisha akaniomba nimwachie karatasi ile.